Vigoda vya Huenda

Yapo mambo ambayo mtu huyafungia safari ilhali nyumbani kwake yamejaa tele. Nyamizi binti Mhoja alikwenda nchi ya Huenda kwa sababu alisikia kwamba huko, tangu nchi iwe nchi, halijafilisika duka hata moja. Habari hiyo ni ya kweli. Aliyempa alisahau tu kumweleza sababu yake.

Mwenyewe alikuwa na jambo linalomkera. Alikuwa amenunua mashine ya kutengenezea siagi ya karanga, mashine nzuri tu, na huu ulikuwa mwaka wa tatu imekaa sebuleni ndani ya sanduku lake la mbao, juu kumetandikwa kitambaa cha kufuma. Wageni walidhani ni meza. Nyamizi hakuwa mvivu, wala hakuwa mjinga. Shida yake ni kwamba kila alipotaka kuanza alianza kwanza kujiuliza. Karanga zikipanda bei je? Umeme ukikatika? Watu wakipenda ya dukani, ile ya kopo lenye picha? Na wakiipenda yangu wote kwa pamoja, nitawatosheleza vipi? Mtu huyu aliweza kuogopa hasara na faida kwa mkupuo mmoja.

Wifi yake, Kalunde, alikuwa na fremu ya duka, ya kona, kando ya soko, ambayo alimshikia Nyamizi miezi na miezi huku muuza simu mmoja akiililia. Kalunde si mtu wa kuzunguka mbuyu. Alimwambia Nyamizi kwamba amemvumilia vya kutosha, na kwamba Ijumaa ikifika saa sita mchana hajasikia neno, fremu anampa mwenye simu. Nyamizi akaomba siku hizo chache akajifunze kwa watu wasioshindwa. Alifika Huenda siku ya Jumapili. Habari za njiani tuziache, kwa kuwa njia ya kwenda Huenda kila mtu anaijua.

Jambo la kwanza aliloliona ni kwamba simu yake ilikata mawasiliano mara tu alipovuka lango. Askari wa lango akamweleza kwa upole kwamba suala la mnara lipo kwenye Baraza la nchi, linajadiliwa kwa mwaka wa kumi na tisa, na mjadala unakwenda vizuri. La pili ni soko. Lilikuwa soko kubwa, la mawe, lenye paa jekundu na meza zilizosuguliwa zikang'aa, na halikuwa na mchuuzi hata mmoja. Kila asubuhi lilifagiliwa. Mlangoni palikuwa na kibao chenye maandishi ya fahari kwamba hapa haijawahi kupatikana hasara.

Utauliza waliishi kwa nini. Waliishi kwa mihogo. Mahindi yana siku yake ya kupandwa na siku yake ya kuvunwa, na ukichelewa yanakuadhibu. Mhogo haumhukumu mtu, hukaa ardhini ukingoja mpaka njaa iamue. Kwa hiyo Wahuenda walikula mihogo ya kuchemsha asubuhi na mihogo ya kuchemsha jioni. Waliambiana kwamba haraka haraka haina baraka, na methali hiyo ilikuwa imepitishwa kuwa sheria. Ile methali dada yake, isemayo kwamba ngojangoja huumiza matumbo, ilikuwa imepelekwa kwenye kamati ichunguzwe, na kamati ilikuwa haijaamua ikutane lini.

Nyamizi alifikia kwa Bwana Mashauri na mkewe, Bi Tunu, watu wakarimu waliompokea kama ndugu. Alishangaa kukuta godoro lao barazani, nje ya mlango. Alipochungulia ndani akaelewa. Nyumba nzima, tangu ukumbini hadi jikoni, ilikuwa imejaa vigoda vya miguu mitatu, vimepangwa vikabanana hata panya angepita upande.

Hapo ndipo alipofundishwa Sheria Kuu ya Huenda, ambayo ni fupi na kila mtoto anaijua kwa moyo: kila shaka lina haki ya kukaa. Mtu akitaka kuanza jambo hulitangaza mbele ya Baraza, na yeyote mwenye shaka nalo hulitaja. Karani huliandika shaka hilo chini ya kigoda, na kigoda hupelekwa mahali pa shughuli, hukaa hapo mpaka shaka lijibiwe likaisha kabisa. Jibu likitiwa shaka, huletwa kigoda cha pili kikae na cha kwanza. Kukichoma ni kosa, kukiondoa ni kosa. Hakuna aliyevikalia pia. Watu walikaa sakafuni pembeni yake, kwa adabu, magoti wameyakumbatia.

Bwana Mashauri alitaka kufungua tanuri la mikate. Alikuwa amelitaka kwa miaka ishirini na sita, na tanuri lenyewe alishalijenga uani, la matofali ya kuchoma, zuri, nalo lilikuwa na vigoda kumi na tisa ndani. Kwa jumla alikuwa na vigoda mia sita na kumi na moja. Alivionyesha jinsi mtu anavyoonyesha ng'ombe wake. Huko Huenda heshima ya mtu ni vigoda vyake, na mzazi mwenye binti huchungulia madirishani kwanza kabla ya kupokea posa.

Nyamizi akauliza kama kuna shaka lililowahi kujibiwa likaisha. Bi Tunu, ambaye hakuwa msemaji sana, akasema lipo moja. Shaka lilikuwa kwamba huenda jirani yao angelalamikia moshi. Basi yule jirani akafariki, Mungu amrehemu, na kigoda kikachukuliwa. Kesho yake karani akakirudisha kikiwa na mwenzake: huenda warithi wakalalamika, na huenda wakauza nyumba kwa mtu mwenye pumu.

Mtu mmoja tu alikuwa tajiri katika nchi ile, naye ni seremala wa vigoda. Nyamizi alimwendea Jumatatu kumuuliza aliwezaje kuamua kufungua karakana. Yule bwana alikuna kichwa kwa penseli, akasema hakumbuki kuamua. Oda zilikuwa nyingi.

Ni lazima niseme ukweli hapa, hata kama haumpendezi Nyamizi: alipapenda. Kwao watu walimcheka kwa mashaka yake, na mama yake mwenyewe alikwisha kumwambia kwamba mchagua jembe si mkulima. Huko Huenda walimsikiliza. Jumatatu jioni, wakila mihogo, alimuuliza Bwana Mashauri kama amefikiria kwamba unga unaweza kufika ukiwa na wadudu, na kama hao wadudu watakuwa wa aina moja au mbili. Bwana Mashauri aliweka chini tonge lake. Machozi yalimlengalenga. Alisema kwamba katika miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kulisogelea tanuri lake kwa undani kiasi kile.

Sifa zikaenea. Kufikia Jumanne watu walimletea mipango yao aitie mashaka, naye aliitia, bila jasho, kama mtu anayekata nywele. Baraza likamwita. Msajili Mkuu wa Mashaka, Bwana Hadhari, mzee mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza, akamwambia kwamba nchi inamhitaji. Angepewa nyumba tupu, jambo la nadra huko, na cheo cha Mtia Shaka wa Baraza. Wala asingelazimika kufungua kitu chochote maisha yake yote. Nyamizi alisema atafikiria, na ukumbi mzima ukaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, maana hilo ndilo jibu zuri kuliko yote.

Usiku ule alijipa moyo kwamba Ijumaa bado iko mbali. Alitamani ile nyumba, na alitamani zaidi ile sehemu ya kutolazimika.

Jumatano palikuwa na kesi. Mama mmoja aitwaye Semeni, wa rika la Nyamizi, mfupi, mwenye alama za kuungua kwenye mikono, alishtakiwa kwa kosa la kuanza. Alikuwa ameloweka mchele, akausaga, akautia hamira na iliki, akabandika chuma cha vitumbua njia panda, akauza. Hakutangaza kwa mtu. Ushahidi ulikuwa mwingi kwa sababu mashahidi wote walikuwa wamekula.

Baraza lilitumia asubuhi nzima kujadili kama kitumbua kilicholiwa kinaweza kukubaliwa kuwa ushahidi, kwa kuwa hakipo, na kama kilichobaki kinaweza kukubaliwa, kwa kuwa si kile kilichoshtakiwa. Mjumbe mmoja alipendekeza waonje. Mwingine akauliza, na wakikipenda? Suala hilo likaahirishwa.

Hatimaye Bwana Hadhari akamgeukia mshtakiwa.

"Mama Semeni, ulijuaje kwamba watu watanunua?"

"Sikujua, mzee."

"Ulijuaje kwamba vitaiva?"

"Vya kwanza viliungua. Vya pili vikawa vibichi ndani. Vya tatu vikaiva."

Ukumbi ukanong'ona. Mzee akashusha pumzi, akamuuliza kwa huruma kabisa kama hakuogopa.

"Niliogopa sana, mzee," akasema Semeni. "Lakini mafuta yalikuwa yameshapata moto."

Nyamizi aliyasikia maneno hayo, yakamchoma mahali fulani, lakini hakupata nafasi ya kuyatazama vizuri. Baraza lilikuwa na tatizo. Kumfungia Semeni biashara kungekuwa ni kuamua, na Baraza halijawahi kuamua. Lililowezekana ni kumpa mashaka aliyoyakwepa. Kila aliyekuwamo akataja lake: mvua, upepo, mbwa, wateja wasiopenda iliki, wateja watakaoipenda wakaizoea. Yakafika ishirini na saba. Kisha Bwana Hadhari akasema kwamba shaka la mgeni huwa zito kuliko yote, na akamwomba Nyamizi alitoe.

Angeweza kunyamaza. Lakini watu wote walikuwa wakimtazama, na sifa ni tamu. Akasimama.

"Na mafuta yakimwishia katikati ya kazi," akasema, "watu wameshapanga mstari?"

Ukumbi ulipiga makofi. Karani aliandika huku akitabasamu. Semeni akageuka kumtazama, bila hasira.

"Dada yangu," akasema, "hilo hata mimi sikuliwaza."

Nyamizi akaketi, na hapo aibu ikampata, aibu hasa, ile ya kuona uso umepata joto. Mwanamke yule hakumkosea kitu. Alikuwa amefanya peke yake, njia panda, kile ambacho yeye Nyamizi alishindwa kukifanya miaka mitatu akiwa na mashine na fremu na wifi wa kumsukuma. Naye amesimama mbele ya watu kumtupia jiwe. Alipiga hesabu ya vigoda ishirini na nane kwenye kijiwe cha mtu mmoja, akaona hakutabaki hata mahali pa kuweka jiko.

Alhamisi asubuhi alikwenda njia panda kuomba radhi. Alitegemea kukuta pamefungwa. Alikuta watu wengi kuliko alivyotazamia, na wengi hawakuwa wamesimama. Walikuwa wamekaa. Semeni alikuwa amevipanga vile vigoda kulizunguka jiko, nusu duara, na juu ya kila shaka kulikuwa na mteja anakula kitumbua taratibu, na kwa kuwa alikuwa ameketi, aliagiza cha pili. Baadhi ya watu wale walikuwa wazee wa miaka sabini ambao hawajawahi kukalia kigoda maishani. Walikaa kwa uangalifu mwanzoni, kisha wakanyoosha miguu.

Karani wa Baraza alikuwepo na daftari lake, amechanganyikiwa. Sheria ilisema shaka lina haki ya kukaa. Haikusema lisikaliwe. Alisema jambo hilo lazima lipelekwe kwenye kamati, akaomba vitumbua viwili vya kwenda navyo.

Nyamizi alipewa kigoda, akakaa, akala. Vitumbua vilikuwa vitamu, vya moto, ukingoni vimekauka kidogo kama inavyotakiwa. Alikuwa anatafuta maneno ya kuanzia msamaha wake ndipo Semeni alipoinamisha chupa ya mafuta juu ya chuma, na chupa ikatoa tone, likafuatiwa na tone, basi. Mstari wa wanaongoja ulikuwa na watu tisa.

Hili ndilo shaka la Nyamizi, limekuja lenyewe, mchana kweupe. Alimtazama Semeni aone mtu anavyoangamia.

Semeni alisema, "Jamani, mafuta yamekwisha." Akampa mteja mmoja mwiko amshikie, akavuka barabara, akagonga mlango wa nyumba ya bluu, akaongea kidogo na mwenye nyumba, akacheka, akarudi na kikopo. Watu wawili waliondoka kwenye mstari. Mmoja alirudi. Ilichukua muda wa mtu kukoroga uji.

"Ndiyo hilo tu?" Nyamizi aliuliza, na sauti yake ilikuwa karibu ya malalamiko.

"Hilo ndilo la kwako, dada. Umelikalia." Semeni alikuwa ameshaanza kumimina. "Jana sikulala kwa ajili yake, nisikudanganye. Leo limekuja, nimelijua lilivyo. Yamebaki ishirini na saba. Yatakayokuja yatanikuta kazini."

Nyamizi aliomba msamaha, na Semeni akasema yamepita. Hakukuwa na zaidi. Wateja walikuwa wengi na hakuna mtu mwenye nafasi ya kusamehe kwa maneno mengi wakati vitumbua vinataka kugeuzwa.

Alirudi mbio kwa Bwana Mashauri akamsimulia yote huku akihema, akamwonyesha kwa mikono jinsi vigoda vilivyopangwa. Bwana Mashauri alisikiliza mpaka mwisho. Macho yake yaling'aa mwanzoni, Nyamizi aliona, kisha mng'ao ukarudi ndani. Akauliza: na mteja akianguka kutoka kwenye kigoda? Akaenda kuliandikisha mwenyewe, likawa la mia sita na kumi na mbili. Nyamizi alimpenda mzee yule na aliumia kumwona anavyotembea kwenda Barazani, mgongo umenyooka, kama mtu anayekwenda kazini. Alipogeuka akamwona Bi Tunu amepiga magoti mbele ya tanuri, anavuta vigoda kimoja kimoja na kuvipanga kivulini. Alipoulizwa anafanya nini, akasema anafagia tu.

Ijumaa saa tano Nyamizi alikuwa langoni. Alikuwa amepita kwanza kwa Bwana Hadhari kumwambia kwamba kile cheo hakitaki, na mzee alishtuka, si kwa kukataliwa, bali kwa kujibiwa. Nje ya lango, hatua hamsini, kulikuwa na mtandao. Ndani ya lango kulikuwa na benchi refu, limejaa watu wenye mizigo, wengine mizigo yao imeota ukungu. Walikuwa wanaondoka Huenda. Mmoja alikuwa anaondoka tangu kabla hajaoa.

Utaratibu wa kutoka ulikuwa rahisi. Askari alimuuliza kila mmoja swali moja tu: una hakika? Hakuna aliyezuiwa. Kila mtu alianza kulifikiria swali, akasogea kwenye benchi ili alifikirie vizuri, akakaa.

"Una hakika, mama?" askari akamuuliza Nyamizi.

Nyamizi alifungua mdomo na kichwa kikaanza kazi yake ya siku zote. Karanga. Umeme. Kopo lenye picha. Muuza simu huenda angeitumia fremu vizuri kuliko yeye. Yote yalikuja, yamevaa vizuri, na yote yalikuwa na hoja. Alisubiri yaishe ili ajibu. Hayakuisha, na akaelewa kwamba hayataisha, si leo na si akiwa na miaka themanini, na kwamba hapakuwa na kosa lolote katika jambo hilo.

"Sina," akasema. "Sina hakika hata kidogo. Naomba nipite."

Askari akapekua kitabu chake. Kulikuwa na maelekezo ya nini kifanyike kwa mtu anayefikiria, na ya mtu anayefikiria tena. Ya mtu asiye na hakika ambaye anataka kupita hayakuwemo. Alikuwa bado anapekua Nyamizi alipompita, na watu wa kwenye benchi wakamgeukia, wakamfuata kwa macho.

Alitembea hatua hamsini akipishana na hofu yake kila hatua. Simu ilipopata mtandao ilikuwa saa sita kasoro dakika nane. Kalunde alipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Wifi, fungua fremu," Nyamizi akasema. "Nakuja na mashine kesho."

Muuza simu alikuwa amesimama pale pale mbele ya Kalunde. Nyamizi alimsikia akikohoa.

"Umefikiria vizuri?" Kalunde akauliza.

"Nimefikiria miaka mitatu. Imetosha."

"Na ukishindwa?"

Sauti ya Nyamizi ilikuwa inatetemeka na hakujaribu kuificha. "Nikishindwa utanisaidia kuibeba kuirudisha nyumbani. Ni nzito, wifi. Inataka watu wanne."

Alimsikia Kalunde akimwambia mtu kwamba samahani, imeshachukuliwa, na kisha akimrudia kwenye simu.

"Wabebaji watatu ninao," Kalunde akasema. "Wa nne nitakuwa mimi."